Kabla ya Kufunga Vyuma vya Meno: Namna ya Kutambua Tatizo la Mpangilio na Kuchagua Matibabu

Watu wengi wanaotaka kurekebisha mpangilio wa meno yao hufika kwa daktari wakiwa wamekwisha kuchagua kifaa. Mmoja anataka vyuma kwa sababu jamaa yake alifungwa vyuma akapendeza. Mwingine anataka trei angavu za plastiki kwa kuwa hazionekani kwa urahisi. Wa tatu anaomba ang'olewe jino moja analoamini kuwa ndilo linalosukuma mengine. Huko ni kuanzia mwisho. Kifaa huchaguliwa baada ya kujua mambo matatu: kama kilichokosa mpangilio ni meno peke yake au ni taya zenyewe, kama mwenye meno bado anakua au amekwisha kukua, na kama fizi pamoja na mfupa unaoyashikilia meno vina afya. Watu wawili wanaweza kuwa na meno ya mbele yaliyochomoza kwa kiasi kilekile, mmoja kwa sababu meno ya juu yamelalia mbele, mwingine kwa sababu taya la chini halikukua kulifikia la juu, na matibabu yao yakatofautiana tangu hatua ya kwanza.

Jikague mwenyewe kwanza

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga wa kutosha, meza mate, kisha funga kinywa mpaka magego ya juu na ya chini yakutane bila kulazimisha. Hapa ndipo wengi hujidanganya: mtu akijitazama kwenye kioo huisogeza taya ya chini mbele bila kujijua ili meno ya mbele yagusane, na tatizo likajificha. Kumeza mate huirudisha taya mahali pake pa kawaida. Baada ya kufunga, vuta midomo kwa vidole ili uone meno yote.

Anza kwa kutazama kutoka ubavuni. Meno ya mbele ya juu yanatakiwa kuwa mbele kidogo ya yale ya chini, kwa umbali wa milimita 2 hadi 4. Umbali huo ukizidi, meno huonekana yamechomoza, na midomo huanza kupata shida ya kufunga bila kukazwa. Ukifika milimita 6 au zaidi, suala si sura peke yake tena, kwa sababu meno ya namna hiyo ndiyo yanayotangulia kupata pigo mtoto anapoanguka au anapogongwa mchezoni. Hali ya kinyume ni pale meno ya chini yanapotangulia mbele ya yale ya juu, na hiyo mara nyingi huashiria kwamba taya ya chini imekua kupita ya juu, au ya juu haikukua vya kutosha.

Kisha tazama kutoka mbele, uone meno ya juu yanafunika ya chini kwa kiasi gani. Kufunika theluthi moja hivi ni kawaida. Kama meno ya chini hayaonekani kabisa, fungua kinywa utazame ufizi ulio nyuma ya meno ya mbele ya juu: alama nyekundu au vidonda mahali hapo vina maana kwamba meno ya chini yanauma ufizi wa kaakaa kila unapofunga kinywa. Na kama kuna uwazi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini ilhali magego yamekutana, kukata chakula kwa meno ya mbele huwa kugumu, na sababu inaweza kuwa kunyonya kidole kwa miaka mingi, ulimi unaosukuma mbele wakati wa kumeza, au namna taya zilivyokua.

Sehemu inayosahaulika ni pembeni. Tumia mpini wa kijiko kusogeza shavu, ukatazame magego. Kingo za nje za magego ya juu zinatakiwa kuwa nje kidogo ya zile za chini, pande zote mbili. Yakifungia kwa ndani, taya ya juu huenda ni nyembamba. Sasa fungua kinywa kwa upana, kisha ufunge polepole huku ukikitazama kidevu. Kama kidevu kinashuka na kupanda katikati, kisha dakika ya mwisho kinateleza kuelekea upande mmoja, meno yanailazimisha taya kukaa upande, na kwa mtoto anayekua jambo hilo halifai kusubiri, kwa kuwa mifupa inaweza kukua ikifuata mteremko huo. Mstari wa katikati wa meno ya juu kutolingana na ule wa chini kwa milimita moja au mbili ni jambo la kawaida sana na peke yake halina madhara.

Mwisho kagua safu yenyewe. Meno yaliyobanana hadi kupandana ndiyo tatizo linaloonekana zaidi, na chanzo chake kwa kawaida ni meno kuwa makubwa kuliko nafasi iliyopo katika taya. Mianya ni hali ya kinyume. Wapo wanaoupenda mwanya wa mbele na hawana sababu ya kuufunga. Hesabu pia meno: mtu mzima ana 32 yakiwemo magego ya mwisho, mtoto mdogo ana 20. Jino la kudumu ambalo halikuota upande mmoja wakati lile la upande wa pili limeota zamani linahitaji picha ya eksirei, kwani linaweza kuwa halikuumbika kabisa, au limekwama ndani ya mfupa.

Kwa daktari utasikia matatizo haya yakigawanywa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mgawanyo huo ulichapishwa mwaka 1899 na Edward Angle, daktari wa meno wa Marekani, naye aliuegemeza juu ya namna magego ya kwanza ya kudumu yanavyokutana. Katika daraja la kwanza magego yamekutana vizuri lakini meno mengine yamebanana, yameachana au yamepinda. Katika la pili safu ya chini iko nyuma. Katika la tatu iko mbele. Ni lugha ya mkato inayofaa, ila haisemi lolote kuhusu upana wa taya wala kiasi ambacho meno ya juu yanafunika ya chini, kwa hiyo ukiambiwa "wewe ni daraja la pili" bado hujaambiwa tatizo lako lote.

Chanzo, kwa ufupi

Sehemu kubwa ni urithi: umbo la taya na ukubwa wa meno hutoka kwa wazazi. Yanayobaki yanaweza kuzuilika kwa kiasi fulani. Kunyonya kidole kukiendelea baada ya miaka minne huweza kuyasukuma meno na kulifinya kaakaa. Gego la utotoni linaloozea mdomoni na kung'olewa mapema huacha nafasi ambayo jino la jirani hulalia, na lile la kudumu likija hukuta njia imezibwa. Kifaa kidogo cha kutunza nafasi kingetosha kuzuia hayo. Ajali pia huchangia, na vilevile midomo na makaakaa yaliyopasuka tangu kuzaliwa, ambayo huhitaji timu ya madaktari kwa miaka mingi.

Kuhusu magego ya mwisho, yanayoota kuanzia miaka 17 hivi, yamelaumiwa kwa muda mrefu kwamba huyasukuma meno ya mbele yakabanana. Ushahidi haukuunga mkono shutuma hiyo. Meno ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri umri unavyosonga, hata kwa watu ambao magego hayo hawanayo, na kuyang'oa kwa sababu hiyo pekee ni kuingia kwenye upasuaji usio na faida.

Umri unabadilisha jibu

Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na kuliacha lioze. Meno ya mbele hubadilika kati ya miaka 6 na 9, magego madogo na chonge kati ya 9 na 12, na gego la pili huota karibu na miaka 12. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinapendekeza mtoto achunguzwe na mtaalamu ifikapo miaka 7. Kuchunguzwa si kufungwa vyuma. Watoto walio wengi watarudishwa nyumbani wasubiri meno ya kudumu yaote, na daktari anayependekeza vyuma kwa kila mtoto wa miaka 8 anastahili kuulizwa sababu.

Yapo yasiyongoja. Kidevu kinachoteleza upande, meno ya mbele ya juu kufungia nyuma ya yale ya chini, meno yaliyochomoza kiasi cha kuhatarishwa na pigo, na tabia ya kunyonya kidole, yote haya ni bora kushughulikiwa kabla ya kubalehe. Lakini mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu kwa mtoto wa miaka 8 au 9, tena meno yenyewe yakiwa yametanuka kama yanakimbiana, mara nyingi hujifunga chonge zikishaota. Kuufunga mapema kwa nguvu kunaweza kuisukuma mizizi kwenye njia ya chonge zinazoshuka.

Chonge za juu zinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ndizo zinazokwama mara nyingi zaidi baada ya magego ya mwisho, na dalili yake haiumi. Mtoto akifika miaka 10, mzazi anaweza kupitisha kidole juu ya ufizi wa nje, juu kidogo ya chonge ya utotoni, akatafuta kivimbe kigumu pande zote mbili. Kivimbe kikiwapo, chonge ya kudumu iko njiani mahali pake. Kikikosekana, au kikiwa upande mmoja tu, daktari apige eksirei, kwa kuwa huenda chonge inaelekea kwenye kaakaa au inauelekea mzizi wa jino la jirani na inaweza kuula. Katika umri huo, kung'oa chonge ya utotoni tu mara nyingi hutosha kulifanya jino la kudumu lirudi kwenye njia yake. Miaka mitano baadaye kazi hiyohiyo itahitaji kufunua ufizi kwa upasuaji, kubandika mnyororo mdogo juu ya jino, na kulivuta kwa miezi mingi.

Kwa mtu mzima hakuna umri unaokataza. Kinachokataza ni ugonjwa wa fizi ambao haujatibiwa, kwa sababu jino lililopoteza mfupa likisukumwa wakati fizi zinavuja damu hupoteza mfupa zaidi. Fizi zitibiwe kwanza. Tofauti nyingine ni kwamba taya za mtu mzima haziwezi kuongozwa ukuaji wake: ama meno yapangwe kwa namna ya kuificha hitilafu ya taya, ama taya zenyewe zifanyiwe upasuaji. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za jamii ya bisifosifoneti, amweleze daktari mapema, kwani huweza kupunguza kasi ya meno kusogea na kuleta matatizo ya mfupa wa taya baada ya kung'oa jino.

Vipimo vinavyotangulia uamuzi

Usikubali mpango wa matibabu uliotolewa kwa kutazamwa kinywa dakika mbili. Kwa kawaida hupigwa picha za uso na za meno, eksirei moja inayoonyesha meno yote pamoja na mizizi, na pale taya zinapohusika, eksirei ya kichwa kutoka ubavuni ambayo daktari huitumia kupima pembe kati ya taya na fuvu. Meno huchukuliwa umbo lake kwa ukungu au kwa skana. Meno yaliyooza huzibwa na ukoga husafishwa kabla ya kifaa chochote kuwekwa.

Baada ya hapo uliza maswali haya bila haya: Tatizo langu ni la meno au la taya? Nikiacha kutibiwa, kitatokea nini? Je, kuna meno ya kung'olewa, na kwa nini hayo? Njia ya pili ni ipi, na inapungukiwa na nini? Nitavaa nini baada ya matibabu kwisha, na gharama yake imo ndani ya bei niliyotajiwa? Daktari mzuri atakuambia pia kwamba kuacha kutibiwa ni chaguo mojawapo. Meno yaliyopinda kidogo, yanayotafuna vizuri na kusafishika, hayamlazimu mtu kufanya lolote.

Jino husogeaje

Jino halijapigiliwa ndani ya mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, wenye unene wa karibu milimita 0.2, uliojaa mishipa ya damu. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo inayodumu, upande unaobanwa chembehai fulani huula mfupa, na upande unaovutwa nyingine hujenga mfupa mpya, hivyo jino husafiri pamoja na tundu lake. Mwendo wake ni takriban milimita moja kwa mwezi.

Nguvu kubwa haiongezi kasi. Hubana mishipa ya damu, utando hufa sehemu hiyo, na jino husimama mpaka mwili usafishe uharibifu huo, huku mgonjwa akiumia bure. Kwa hiyo mgonjwa anayemwomba daktari "akaze zaidi ili nimalize haraka" anaomba kucheleweshwa. Na kwa hiyo pia matibabu kamili ya vyuma huchukua miezi 18 hadi 24 kwa walio wengi, na mahudhurio hupangwa kila baada ya wiki 4 hadi 8.

Njia zilizopo na kila moja inafaa wapi

Kwa mtoto anayekua, kazi kubwa huwa ni kuongoza taya. Taya nyembamba ya juu hupanuliwa kwa kifaa kinachogandishwa kwenye magego na chenye skrubu katikati ya kaakaa. Mzazi huingiza kifunguo kidogo kwenye tundu la skrubu na kukisukuma kuelekea kooni mpaka tundu linalofuata lionekane. Zungusho moja la robo hupanua karibu milimita 0.25. Baada ya siku kadhaa mwanya hufunguka kati ya meno mawili ya mbele, na wazazi huogopa. Huo ni ushahidi kwamba mfupa umeachana kwenye mshono wake wa katikati kama ilivyokusudiwa, na mwanya hujifunga wenyewe. Kadiri ujana unavyosonga mshono huo hushikamana, na upanuzi wa namna hii hushindikana bila msaada wa skrubu za mfupani au upasuaji.

Taya ya chini iliyo nyuma hutibiwa kwa vifaa vinavyoilazimisha ikae mbele muda mwingi wa siku wakati wa kasi ya kukua, yaani karibu na kubalehe. Kinachotumika sana ni kile chenye pande mbili za plastiki zenye miteremko inayokutana, alichokibuni William Clark wa Uskochi mwaka 1977. Sehemu ya mafanikio yake hutokana na meno kulala upya, si taya kurefuka, na daktari anayeahidi kidevu kipya anaahidi kupita kiasi. Taya ya juu iliyobaki nyuma huvutwa mbele kwa kifaa kinachoegemea paji la uso na kidevu, kikivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, na matokeo huwa bora kabla ya miaka 10.

Vyuma vinavyogandishwa ndivyo vyenye uwezo mpana kuliko vyote. Breketi, yaani vipande vidogo vya kushikilia waya, hubandikwa kwa gundi juu ya kila jino, waya hupitishwa ndani yake, na waya ndio unaofanya kazi. Waya za mwanzo kwa kawaida ni za mchanganyiko wa nikeli na titani, ulioanza kutumika kwenye meno miaka ya 1970: huweza kupindwa sana ili ufike kwenye jino lililo mbali, kisha ukajitahidi taratibu kurudi kwenye umbo lake. Zile za chuma cha pua, zilizo ngumu zaidi, hufuata baadaye. Mwenye mzio wa nikeli aseme mapema. Breketi za kauri zina rangi ya jino na hufanya kazi ileile, ila hupasuka kwa urahisi zaidi na huwa ghali. Za upande wa ndani hazionekani kabisa, lakini huuchubua ulimi na husumbua matamshi wiki za mwanzo.

Trei angavu zimepata umaarufu tangu mwisho wa miaka ya 1990. Mgonjwa hupewa mfululizo wa trei, kila moja ikiyasogeza meno kwa karibu robo milimita, na hubadilisha baada ya wiki moja au mbili. Faida yake ni ya kweli: huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, na hazichomi mashavu. Lakini sharti zivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku, na asiyejiamini katika hilo achague vyuma, ambavyo havimwombi ridhaa kila siku. Mara nyingi zitahitaji vinundu vidogo vya rangi ya jino vibandikwe ili zipate pa kushika. Hufanya vizuri kwenye kubanana kwa wastani na mianya. Hupata shida kuvuta jino lishuke, kuzungusha magego madogo yenye umbo la duara, na kuziba mapengo makubwa ya meno yaliyong'olewa. Vibamba vya plastiki vya kuvua na kuvaa, vyenye waya za kuchezesha jino moja moja, bado vina nafasi yake kwa matatizo madogo ya watoto.

Nafasi ya kupangia meno yaliyobanana hupatikana kwa njia chache tu: kupanua safu, kusogeza magego nyuma, kusugua kidogo kingo za meno kwa sehemu ya kumi chache za milimita, au kung'oa. Panapong'olewa, mara nyingi huchaguliwa magego madogo ya kwanza, kwa kuwa yako karibu na mahali panapobanana na jirani yake hufanana nalo. Wapo wanaolaani kila uamuzi wa kung'oa, na wapo wanaong'oa kwa mazoea. Wote wawili wanamkosea mgonjwa. Meno yakibanana sana, kuyapanga bila kung'oa huyasukuma nje ya mfupa, fizi zikashuka na midomo ikachomoza. Katika kazi ngumu, skrubu ndogo huwekwa kwenye mfupa kwa ganzi ili ziwe nguzo ya kuvutia, kisha hutolewa.

Hitilafu kubwa ya taya kwa aliyekwisha kukua huhitaji upasuaji, ukitanguliwa na kufuatwa na vyuma. Hungojewa mpaka ukuaji ukome, kwa sababu taya ya chini, hasa ya wavulana, inaweza kuendelea kukua mpaka mwisho wa ujana na kuharibu kazi yote.

Kuishi na vifaa mdomoni

Siku mbili hadi tano za mwanzo, na baada ya kila kukazwa, meno huuma yakikutana. Vyakula laini na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Pale breketi inapochubua shavu, ikaushe kwa kitambaa, finyanga nta kiasi cha punje ndogo, uibandike juu yake. Ncha ya waya ikichoma, isukume chini taratibu kwa kifutio cha penseli kilicho safi, kisha umpigie daktari. Breketi iliyobanduka nayo haingojei hadi siku ya miadi, maana jino lake limebaki nyuma.

Hatari kubwa ya vyuma ni usafi duni. Ukoga ukikaa kuzunguka breketi, ndani ya wiki chache jino huanza kupoteza madini, na siku vyuma vinapotolewa huonekana madoa meupe yenye umbo la fremu pale breketi zilipokuwa; mengi hayafutiki kabisa. Piga mswaki kila baada ya chakula kwa dawa yenye floraidi, kwanza ukiulaza kutoka juu ya waya, kisha kutoka chini yake, na upitishe brashi ndogo ya mianya chini ya waya kati ya breketi na breketi. Mahali panaposahaulika zaidi ni ule ukanda mwembamba kati ya breketi na ufizi. Ufizi unaovimba hapo unasema kwamba mswaki haufiki. Vinywaji vya sukari na vitu vinavyonata au vigumu kama mawe viepukwe, na anayevaa trei asinywe kitu chenye sukari au rangi huku amezivaa, kwa sababu kinabaki kimefungiwa juu ya jino.

Vipira vya kuvuta taya, ukipewa, vivaliwe kama ulivyoelekezwa. Kuvivaa usiku tu wakati umeambiwa siku nzima, au kuvizidisha mara mbili ili "kufidia", huharibu mpango mzima. Ncha za mizizi pia hufupika kidogo kwa wagonjwa wengi, kwa kawaida bila madhara. Daktari hufuatilia kwa eksirei, na ikizidi husimamisha kazi kwa miezi kadhaa.

Usijitengenezee

Kuna watu wanaofunga mwanya kwa kuzungushia mpira mdogo meno mawili ya mbele. Mwanya hufunga kweli, ndiyo maana njia hiyo inasambaa. Kisha mpira hupanda chini ya ufizi, kwa kuwa mzizi ni mwembamba kuelekea ncha yake, huendelea kupanda usionekane, na hukata nyuzi zote zinazolishikilia jino. Meno mawili yenye afya hupotea kwa njia hiyo. Vyuma vya urembo vinavyouzwa na kubandikwa na wasio madaktari ni vya aina hiyohiyo, na trei zinazoagizwa bila mtu yeyote kupima fizi wala kupiga eksirei zinaweza kusogeza meno ambayo mfupa wake umekwisha kuliwa.

Baada ya vyuma kutolewa

Meno yaliyosogezwa hutaka kurudi. Nyuzi za ufizi zilizovutwa wakati wa kuzungusha jino zinaweza kuchukua hata mwaka kujipanga upya, na zaidi ya hapo meno ya kila mtu huendelea kusogea taratibu maisha yote, awe alitibiwa au la. Kwa hiyo ritena, kifaa cha kuyashikilia meno, ni sehemu ya matibabu na si nyongeza. Ipo ya plastiki angavu, ipo ya kibamba chenye waya mbele, na upo waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele kutoka chonge hadi chonge. Waya huo hausahauliki kuvaliwa, lakini hukusanya ukoga, na ukibanduka kwenye jino moja jino hilo husogea bila wewe kuona; upitishie ulimi kila siku uone kama kuna sehemu inayocheza.

Utaratibu wa kawaida wa ritena ya kuvua ni kuivaa muda mwingi wa siku miezi ya mwanzo, kisha kila usiku bila kikomo. Isioshwe kwa maji ya moto, kwani hujikunja, wala isifungwe kwenye tishu mezani, maana hapo ndipo nyingi hutupwa pamoja na mabaki. Ukiivaa ukaiona inabana kuliko jana, meno yamekwisha kusogea: rudi kuivaa mchana na usiku kwa siku kadhaa mpaka ikae kwa wepesi. Ikikataa kabisa kuingia, usiilazimishe. Ikipotea au kuvunjika, nenda ndani ya siku chache, usingoje miezi, na siku vyuma vinapotolewa omba kliniki ihifadhi faili la skana au ukungu wa meno yako, ili ritena nyingine iweze kutengenezwa meno yakiwa bado mahali pake.